Nilivyowatafsiria Neno Kujaribu

Nilipomaliza darasa la saba baba hakuweza kuniendeleza, nikamfuata dada yangu mkubwa upande wa Kericho. Alikuwa ameolewa na mtu wa kwetu Kisii, na wote wawili walifanya kazi katika shamba moja la chai, wakiishi chumba kimoja kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Dada alikuwa mchumaji. Mimi nilijua Kiingereza kidogo, Kiswahili, na Kipsigis nilichookota sokoni Sosiot, kwa hiyo nikapewa kazi ya kuandika majina na kutafsiri katika dispensari ya shamba.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini malaria ilitusumbua sana baada ya mvua ndefu. Mwaka mmoja akaja daktari Mzungu na vidonge vipya vya kuzuia ugonjwa huo. Aliniita kando akanieleza polepole kwamba bado hawajui kama dawa hiyo inafaa. Nusu ya watu wangepata dawa. Nusu wangepata vidonge vya kufanana navyo, visivyo na kitu ndani. Namba tu ndizo zingeamua, na hata yeye hangejua nani amepata nini mpaka mwisho.

Nilimwitikia. Maneno niliyaelewa, lakini sikuyaamini. Daktari atoke mbali na gari limejaa chupa, halafu awape wagonjwa kitu kisicho dawa? Niliona ni namna ya kusema tu, na kwamba mahali fulani ipo karatasi inayoonyesha nani anahitaji dawa kali na nani inamtosha nyepesi.

Basi watu walipokusanyika, vikapu vikiwa bado mgongoni, nikawaambia: "Daktari amekuja kujaribu dawa. Kila mtu atapewa chupa yake. Ukishikwa na homa, kuja hapa mara moja."

Kwa kujaribu, daktari alimaanisha kupima. Wao walisikia kwamba anajitahidi kuwasaidia. Mzee Mkipsigis, mlinzi wa geti la kiwanda, akauliza, "Na mtu asiyetaka?"

Daktari akajibu kwamba halazimishwi mtu.

"Sasa nani atakataa kutibiwa?" mzee akasema, akachovya kidole kwenye wino, akawa wa kwanza kuweka alama. Swali hilo sikumtafsiria daktari.

Dada naye aliweka kidole. Muuguzi aliniambia niulize kila mwanamke kama ana mimba, maana wenye mimba hawakuruhusiwa. Nilimuuliza dada mbele ya meza, akasema hana.

Jioni ile aliniuliza, "Chupa yangu ni nzuri?"

"Ni nzuri. Daktari anajua."

Kila msimu wa mvua mume wake alikuwa akimnunulia vidonge vya malaria dukani. Mwaka ule dada alimwambia asinunue.

Wiki ya sita akapata homa. Alichuma chai siku mbili akitetemeka, kisha akalala. Nilimwambia twende dispensari.

"Hii ni dawa inapigana na ugonjwa," akasema. "Niache. Ikishinda nitaamka."

Nami nikamwacha. Nilikuwa nimewaambia watu wote waje mara moja, na dada yangu nikamwacha, kwa sababu wazo hilo la dawa kupigana na ugonjwa hata mimi liliniingia akilini.

Siku iliyofuata alikuwa akiongea ovyo, akimwita mama yetu aliyekwisha kufa. Shemeji na majirani walimbeba hadi kwenye lori la shamba, tukampeleka hospitali kubwa. Huko ndiko tulikojua kwamba alikuwa na mimba ya miezi minne. Aliificha kwa kuogopa kunyimwa chupa.

Daktari alikuja asubuhi, akachana bahasha yenye namba ya dada, iliyowekwa ifunguliwe mtu akizidiwa tu. Akasoma, akaikunja.

"Yake haikuwa na dawa," akaniambia.

"Kwa nini ulimpa hiyo?"

"Hakuna aliyemchagulia. Nilikueleza. Wewe uliwaeleza?"

"Niliwaeleza," nikasema.

Dada alipona. Mimba ilitoka. Alipoweza kuketi kitandani alinishika mkono akasema kwa sauti ndogo, "Walikosea chupa. Sasa wamejua, watanibadilishia." Nilimpa uji, nikamwambia anywe ukiwa moto.

Mvua zilipokwisha daktari alikuja kuwashukuru watu. Walimwomba vidonge vya mwaka ujao. Mzee wa geti, ambaye hakuwa ameugua hata siku moja, alimpa kuku.

Baadaye dada na shemeji walinunua kipande cha ardhi karibu na Chepilat, wakaacha chai. Nilikwenda kuwatembelea wakati wa mavuno, na tulipokuwa tukipepeta maharagwe nikamwambia yote: vile daktari alivyosema, vile mimi nilivyosema, na vile nilivyomdanganya daktari hospitalini. Aliendelea kupepeta. Makapi yalitua kwenye sketi yangu, sikuyapangusa.

"Kwa hiyo hapakuwa na makosa," akasema mwishoni. "Ndivyo wanavyofanya."

"Ndivyo."

"Na mimi nilikuuliza."

Alinipikia chakula, akanifungia maharagwe ya kubeba, akanisindikiza mpaka barabarani. Hatukugombana siku ile wala baadaye. Lakini dada hakujua kusoma, na barua zote zilizofika kwake mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea. Tangu siku ile alianza kuzipeleka kwa mwalimu wa kanisa.