Mwimbaji Aliyerudi

Jumamosi iliyopita saa nane mchana nilikuwa katika duka la redio hapa Nakuru. Mwenyewe, mzee wa Kihindi, analifunga ili amfuate mwanawe ng'ambo. Albamu yake ya roki ya tangu ujana alitaka kuiacha, pamoja na gramafoni, kwa mtu atakayeisikiliza kweli.

Tulioitaka tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja wa Njoro, na hakuna aliyewahi kusikia roki. Sisi tumezoea benga: mwimbaji akimaliza maneno, gitaa hushika na watu huinuka kucheza. Mzee akaiweka kwenye gramafoni. Basi gitaa liliposhika, mama akainuka na kukata kiuno. Mwimbaji akarudi. Mama akabaki ameinama, mikono hewani.

"Boss, huyu si alikuwa amemaliza? Amerudi kufanya nini?"

"Bado, mathe. Na kuna upande wa pili."

Mimi niliitikia kwa kichwa kama mtaalamu. "Ni nzuri sana," nikasema.

Mzee akampa mama albamu na gramafoni.

"Lakini sijaielewa!"

"Ndiyo maana utairudia."

Nina digrii, wasomaji, na bado sijui mtu aweke wapi mikono wimbo unapokataa kuisha. Jumapili asubuhi nilibisha kwa mama, Njoro, nikiwa na mkate, nikaomba upande wa pili.