Nilipokuwa Damu ya Kawaida

Siku yangu ya kwanza katika maabara moja ya utafiti hapa Kakamega, Mkuu wa Maabara hakuniuliza nilisomea wapi. Alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Wewe unagonjekanga?"

"La, mkubwa."

"Basi kunja mkono wa nguo. Wewe ndio utakuwa kawaida."

Tulikuwa tukipima intaferoni, yaani mbiu inayopigwa na seli za mwili virusi vinapoingia. Hata asiye mgonjwa huwa nayo kidogo, ya kukaa macho tu, na kidogo hicho ndicho tulichotumia kuwapimia wengine. Kidogo hicho kilikuwa changu. Nilivimba kichwa. Nikigombana na mume wangu kule Lurambi, nilimkumbusha nani katika nyumba ile alithibitishwa kuwa wa kawaida.

Mzee Juma, mkulima wa miwa wa Mayoni aliyejitolea kupimwa katika utafiti wetu, hakuwa na bahati hiyo. Kila alipokuja kutoa damu, intaferoni yake ilikuwa chini ya yangu. Nilimhurumia kwa dhati, nikamshauri ale vizuri. Akachinja kuku mmoja baada ya mwingine.

"Salaam aleikum, mama. Imepanda?"

"Bado, mzee."

Nilipokaribia kustaafu akaja Daktari Mtafiti, binti asiyecheka ovyo. Alisema mtu mmoja hawezi kuwa kipimo, akakusanya damu ya watu wengi wasio na ugonjwa. Majibu yalipotoka akanikalisha kitini.

"Mama, Mzee Juma yuko sawa na wengine wote. Ni wewe uko juu."

Kumbe nina kirusi kilichojificha mwilini tangu utotoni. Chenyewe kimelala, ila protini zake huchokoza seli, mbiu ikalia polepole siku zote. Hata seli T, askari wa damu, zimepoteza uwiano: za kutuliza ugomvi zimezidi za kupigana.

"Haikuumizi," akasema. "Pengine ndiyo inakukinganga na mafua."

Iliniuma hata hivyo. Nilikuwa nimejizoea nikiwa kawaida.

Nilikwenda Mayoni mwenyewe kumweleza Mzee Juma, nikitarajia anilaumu kwa kuku wake wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono.

"Pole sana, mama. Na hiyo miaka yote ulikuwa unanihurumia mimi."

Sasa nimestaafu, nalima mboga. Nyinyi mlio kazini, kabla ya kumwita mtu mgonjwa, ulizeni amelinganishwa na nani. Mzee Juma hunipigia simu kila Ijumaa baada ya swala.

"Mama, imeshuka?"

"Bado, mzee."

"Basi punguza kuku."