Ndege Iliyoshonewa Nguo na Guka

Wasee, nisaidieni, kwa sababu mimi leo sielewi kitu.

Guka, babake baba, ni fundi wa nguo huko Njoro. Kila Krismasi anatuambia vile miaka ya hamsini, akiwa kijana, alishonea ndege ya mzungu nguo. Anakariri hadi nambari iliyoandikwa kwa mkia wake.

Sisi tunacheka tu. Ndege ivae nguo?

Nimeitafuta hiyo nambari mpaka leo nikaipata. Ndege yenyewe iko Nakuru, kwa chuo kimoja, wanafunzi wanajifunzia kutengeneza ndege.

Nikampeleka. Na kweli, mabawa ni ya kitambaa kilichoshonwa na uzi! Nikaona aibu. Guka akatabasamu.

Halafu mwalimu wao akaharibu.

"Mzee, hicho kitambaa si chako. Kila darasa linafumua kitambaa cha zamani na kushona kipya. Hiki ni cha juzi."

Guka akasogea karibu. Akapapasa bawa.

"Mbona mafundo yote yamelala upande huu?"

"Hata sisi hatujui," mwalimu akasema. "Kila darasa linaiga mshono linaoufumua."

Guka akainua mkono wa kushoto. Ule alichapwa shuleni mpaka akaacha kuandika nao. Kushona nao hakuacha, na mafundo ya kushoto hulala upande huo.

Darasa zima linafunga mafundo kama yeye, na hakuna hata mmoja anatumia kushoto!

Sasa niambieni, hii kazi ni ya Guka ama si yake?

Yeye ameshaamua. Yuko hapo anawagombeza wakaze uzi.