Ruhusa ya Kumimina Kikaango

Zamani mwenye kiwanda ulimjua kwa kikohozi chake kabla hajafika mlangoni. Siku hizi kiwanda kina mwenyewe ambaye hana hata koo la kukohoa.

Nasema hivi kwa ajili ya shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, ambaye kazini tulimwita Mchanga. Alikuwa fundi wa kalibu. Alishindilia mchanga mweusi ndani ya fremu ya mbao, akaacha humo umbo la pampu au la gurudumu, kisha chuma kilichoyeyuka kikamiminwa kigande. Mchanga ule ulikaa masikioni mwake, kwenye nyusi, mpaka kwenye foronya. Mdogo wangu alikuwa akisema ameolewa na ufuko, ila bahari hakuletewa.

Kiwanda kilikuwa na desturi yake. Mtu akistaafu, siku ya mwisho alitengeneza kalibu ya kikaango, akamimina chuma kwa mkono wake, na chini akaweka alama yake. Kikaango hicho kilikuwa cha mkewe. Aliyeanzisha jambo hilo ni Mzee Kikohozi, mwenye kiwanda wa kwanza, aliyeishi nyuma ya ghala la makaa. Ukiwa na shida ulimgongea mlango. Alitoka anatafuna, akakutukana vizuri, halafu akakusaidia. Mimi nilikuwa mtunza stoo na nilistaafu enzi zake, kwa hiyo mke wangu alikuwa na kikaango chake. Mdogo wangu alikuja kukiazima, na kila akikirudisha alisema, "Wifi, shika mali yako. Yangu bado iko mchangani."

Mzee Kikohozi alipokufa wanawe wakauza, na walionunua nao wakauza. Aliyenunua mwisho nilimsoma magazetini: kampuni iliyoko ng'ambo, yenye viwanda vya chuma na vya matairi katika nchi kadhaa, na yenye timu ya magari ya mashindano. Yenyewe haitengenezi kitu. Kazi yake ni kuwa na kampuni. Ukuta wetu ukapakwa rangi upya, na mahali palipokuwa na picha ya pampu pakawekwa picha ya gari jekundu, bapa kama samaki aliyekanyagwa. Hakuna mtu wa pale aliyewahi kutengeneza hata skrubu ya gari lile.

Ulipokaribia mwaka wake wa kustaafu, Mchanga alimwuliza msimamizi habari ya kikaango. Msimamizi alikuwa kijana mpole kama daktari wa meno. Akasema yeye hana neno, ila chuma ni mali ya kampuni, hivyo ombi litapelekwa juu. Meneja naye akasema hivyohivyo. Jioni mdogo wangu akiuliza, jibu likawa ni hilohilo, liko juu. Juu wapi? Juu tu. Mtu ambaye maisha yake yote hakumwomba mtu kiberiti akawa ndiye mtu ambaye wakubwa wakimwona anakuja wanaweka simu sikioni.

Nilimwambia amimine bila kuuliza. Akanijibu kwamba ndoo ya chuma cha moto hubebwa na watu wawili, na hawezi kumponza mwenzake ambaye bado anasomesha.

Siku yake ya mwisho ikaangukia siku ya gari. Lilikuwa linatembezwa kwenye viwanda vyote vya kampuni, na familia tulialikwa kuja kulitazama. Likashushwa uani kutoka kwenye lori, tukakatazwa kuligusa. Katikati ya wageni alisimama bwana mmoja mwembamba, ameshikiwa mwavuli, na mameneja walikuwa wanacheka kabla hajamaliza kusema.

"Shemeji," Mchanga akaninong'oneza, "mwenyewe yule pale."

Nami niliamini, mimi ninayejidai kusoma magazeti.

Akaenda kunawa mpaka kwenye viwiko. Tukamfuata yule bwana, mdogo wangu nyuma yetu na gauni lake la kuendea harusi za watu. Binti aliyekuwa mkalimani wake akamweleza ombi letu. Bwana yule, sitamsingizia, alisikiliza vizuri. Aliuliza kikaango ni kikubwa kiasi gani, akamwekea Mchanga mkono begani, akasema maneno mafupi.

"Anasema mbona jambo dogo," akatafsiri yule binti. "Mimina tu."

Mchanga aliingia ndani karibu mbio. Nilimjua miaka mingi lakini sijapata kumwona akishindilia mchanga vile, kwa upole kama anayefunika mtoto. Tanuri lilikuwa linawaka kwa ajili ya pampu za siku hiyo. Kalibu ikakamilika, mwenzake akashika mkono wa pili wa ndoo, na hapo msimamizi akatokea kuuliza nani ameruhusu.

"Mwenyewe," Mchanga akasema.

Kijana akachungulia nje. "Mzee, yule ni dereva. Ameajiriwa kama mimi na wewe. Hana amri hata juu ya tairi moja la gari lile."

"Basi mwanangu," mdogo wangu akasema, "mwenyewe ni nani? Tuonyeshe tu, tutamfuata sisi."

Yule kijana alifikiri, na nilimwona anafikiri kweli.

"Hayupo, mama."

"Amesafiri?"

"Hapana. Si mtu."

Nje wakawasha gari. Madirisha yakatetemeka, na wafanyakazi wote wakakimbilia uani, hata yule mwenzake, akaitua ndoo. Waliporudi, chuma kikaenda kwenye pampu. Jioni mfagizi akaivunja kalibu ya kikaango kwa koleo, kama inavyofanywa kwa kila kalibu, maana mchanga hutumika tena.

Nyumba yao ilikuwa ya kampuni, ikabidi waihame. Siku walipokuwa wanaondoka kwenda kwa binti yao, niliwasindikiza, na karibu na stendi mdogo wangu akataka kununua kikaango. Mchanga akavigeuza vyote vilivyokuwa rafuni, kimoja kimoja, anavigonga kwa ukucha. Hiki bati. Hiki chepesi. Hiki mkono wake umegundishwa. Muuzaji akamwuliza baba anatafuta nini hasa, naye akagonga kingine. Mwishowe mdogo wangu akachukua kilichokuwa karibu naye bila kukitazama, akalipa, akamwambia mumewe basi linaondoka. Alitangulia yeye na chake. Mchanga akamfuata, mkononi bado ana kikaango kingine cha dukani kisicholipiwa, mpaka muuzaji akamwita. Akarudi, akakiweka rafuni kifudifudi, akapita mbele yangu bila kuniaga, na nikamwona anakimbia kidogo kidogo ili amfikie mkewe.