Vifo Vitatu kwenye Ukurasa Mmoja

Mpiga chapa wa mahakama, ambaye makarani walimwita Mama Nukta kwa jinsi asivyoruka hata nukta moja, alikuwa amechapa hukumu za mauaji kwa miaka ishirini na miwili. Kuhusu kukusudia, hakuna wakili wa kumbabaisha. Ukimvizia mtu tangu alfajiri, ukampiga risasi ya mgongo akiwa anakula, habari yako imekwisha.

Ndiyo maana aliingiwa na hofu pale mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, askari aliyerudi kutoka vitani, alipomletea maelezo ya kuwachapia wachunguzi wa jeshi. Aliua watatu. Wawili, wenye bunduki mapajani, aliwavizia wakila. Wa tatu alipewa mstari mmoja tu: “Alikuwa amejeruhiwa, ametupa silaha, nikampiga.”

Jumamosi nzima dada mtu alihangaika na wale wawili. Labda walisikia kishindo? Labda waligeuka? Wa tatu hakumgusa. Jumatatu alimpelekea karatasi wakili wa ghorofa ya pili, aliyewahi kuvaa magwanda.

“Hawa wawili wamekukosesha raha bure, mama,” wakili alisema. “Askari wa adui ni adui hata akiwa na tonge mdomoni. Vitani, kukusudia kuua peke yake si kosa.”

“Sasa wanauliza nini?”

“Uliyemuua alikuwa nani dakika ile.”

“Akiwa amelala?”

“Anapigwa.”

“Daktari wao je, akiwa macho kabisa?”

“Haguswi. Wala aliyetupa silaha na hawezi tena kupigana. Kesi ni huyu wa tatu.”

Kumbe alikuwa akipiga mbizi nchi kavu. Sheria gani hii, inayomwacha aliyelala apigwe na kumlinda aliye macho? Angeuliza mpaka jioni, lakini alimkumbuka mdogo wake, hamu yote ikamwisha. Mstari ule mmoja ulikuwa rahisi mno kufutika.

Nyumbani alimketisha kando ya mashine.

“Huyu wa tatu. Pengine hukuona vizuri. Moshi, purukushani…”

“Niliona, dada. Alikuwa anaomba maji.”

“Mbona hukuniambia tangu mwanzo?”

“Wale wawili nilijua utawahangaikia. Huyu nilitaka nione kama kuna mtu atamuulizia.”

Mama Nukta alilia, hakujificha. Kisha akavuta kiti, akaongeza kwenye mstari ule maneno mawili: akiomba maji.