Bata wa Redioni

Vita vilipofunga barabara, mume wangu alikuwa Malemba-Nkulu, alikokwenda kununua samaki wakavu. Mwezi wa kwanza nilimngoja kwa subira. Wa pili nikawa namgombeza peke yangu nikipika. Wa tatu niliogopa, na huko kuogopa kukanitia hasira.

Nilibaki na redio yake. Kila asubuhi, nikitafuta habari za vita kwenye masafa mafupi, nilikutana na sauti ya ajabu inayolia kama bata, haina hata neno moja la kushika. Jirani alinionya kutoka ng'ambo ya ua: "Mama, zima ile kitu! Ile njo siri ya basoda. Bakisikia, batakufunga." Nikazima, kwa kuwaogopa wanajeshi. Kesho yake bata akarudi, nikamtukana, nikazima tena.

Asubuhi moja baba mkwe alikuja kunijulia hali, redio yake kwapani. Alikuwa amestaafu kazi ya simu za reli, na redio hiyo hakumruhusu mtu hata kuishika. Aliketi kizingitini kwa heshima ya ukwe, akamsikia bata wangu, akacheka.

"Mama, ile haiko siri. Ile iko foni."

Foni niliijua: mtambo wa kuzungumza na watu wa mbali. Wamisionari na wafanyabiashara waliutumia mpaka wanajeshi wakaja kuchukua zote za hapa kwetu Kamina. Akanieleza kwamba sauti ya foni husafiri nusu, na redio ya kawaida haiwezi kuijazia nusu nyingine peke yake, lakini mbili zikisaidiana zinaweza. Akaweka yake mgongoni mwa yangu, akazungusha kitufe chake kidogo kidogo, pumzi ameibana. Sauti ikanyooka, ikawa ya mtu.

"Kamina, Kamina, kama kuko mwenye kusikia, ambia bibi yangu miye niko muzima. Barabara ikifunguka, nitarudia. Kesho nitaita tena, kama siku zote."

Ilikuwa sauti ya mume wangu. Nililia kwa furaha, nikalia na kwa aibu. Siku zote hizo alikuwa akiniita, nami nikimtukana na kumzima.

Baba mkwe alijifuta macho kwa mkono wa shati, akaaga, akaenda zake mikono mitupu. Redio yake aliiacha palepale, mgongoni mwa yangu. Aliniambia tu nisiguse kitufe.