Tosha Batoto: Siku ya Mvula Kolwezi

Jumatano, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mvua, au mvula kama wanavyosema huku, ilianza kupiga mabati ya nyumba ya Mama Ngoie hapa mtaa wa Dilala. Nilikuwa nimeshaamka, nikirudia sentensi za somo chini ya shuka kama kila siku ya kufundisha.

Ninyi mtakaosoma huko Tunduma mnajua mdomo wangu. Kiingereza nilifaulu vizuri kidato cha nne, lakini mbele ya watu mdomo unafunga. Baba mdogo, ambaye huendesha lori la shaba kutoka Kolwezi hadi Dar es Salaam, alimsikia Mama Ngoie akisema shule yake ndogo ya kanisa haina mwalimu wa Kiingereza. Mama yangu akamwambia, "Mchukue huyu akajitolee, labda huko atajifunza kuongea." Basi nikapakiwa. Tukakata Zambia, tukavuka mpaka wa Kasumbalesa, tukapita Likasi, hadi huku.

Nilidhani Kiswahili kitaniokoa. Kumbe cha huku nakielewa nusu, na nusu nyingine naitikia kwa kichwa. Siku ya kwanza darasani nilisoma majina nikafika kwa Mujinga, msichana mrefu, mkimya, anayekaa karibu na mlango. Mama Ngoie alinieleza baadaye kwamba kwa Waluba ni jina zuri, la mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni. Mimi sikuweza kulitamka. Nilimwita "wewe". Na watoto walipocheka ninavyosema, niliandika juu ya ubao kwa herufi kubwa kwamba humu ndani ni Kiingereza tu. Wakadhani ni ukali. Ilikuwa aibu.

Saa moja tulipanda teksi-moto, bodaboda za huku, Mama Ngoie mbele na ya kwake, mimi nyuma na yangu. Barabara ilikuwa tope jekundu, malori yakiturushia maji.

"Shika muzuri, madamu," dereva alisema. "Ukianguka, mi nitamuambia mama Ngoie nini?"

"Mwambie nilishika," nikajibu, lakini kimoyomoyo.

Shuleni, maji yalishakuwa yanateremka uwanjani. Shule iko kwenye mteremko, katika mtaa ambao akina baba wengi huchimba shaba na kobalti kwa mikono. Vyumba vya juu ni vya matofali ya kuchoma. Viwili vya chini, changu na cha watoto wadogo, ni vya matofali mabichi, na nyuma ya changu unapita mtaro.

Somo la siku hiyo lilikuwa *in*, *out* na *under*. Mabati yalipiga kelele mpaka nikawa nafundisha kwa mikono. Katikati ya somo mlango ukafunguka. Mama Ngoie alikuwa amejifunika turubai kichwani.

"Madamu, tosha batoto."

Nikatazama mabenchi. Pamoja na mvua yote ile, walikuwa wamefika karibu wote.

"Ndiyo, mama. Wanatosha."

"Aksanti," akasema, akakimbilia kwa wadogo.

Nilijisikia vizuri, nisiwafiche. Nilikuwa nimejibu bila kigugumizi. Nikafunga mlango kwa komeo ili mvua isiingie.

Mujinga akasimama, mkono juu.

"Teacher, out."

"Very good," nikamwambia. "The rain is out."

Darasa zima likarudia kwamba mvua iko nje. Yeye hakukaa.

Maji yakaanza kupenya chini ya ukuta wa nyuma, ya kahawia, taratibu. Wavulana wa benchi la mwisho wakainua miguu. Niliwasogeza mbele kidogo, nikaendelea. Sikujua la kufanya, na kwa kuwa sikujua, nilifundisha. Kisha bonge la udongo likaanguka kutoka ukutani, kubwa kama mkate. Hakuna aliyelia. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba wote walimtazama Mujinga, si mimi.

Akaja mezani kwangu, akaivunja sheria ya ubaoni kwa sauti ya chini.

"Madamu, unisamehe. Mama Ngoie alisema ututoshe."

"Mnatosha," nikasema. "Mko karibu wote."

"Hapana. Kutosha." Akaichomoa kalamu kwenye mkoba wangu, akaishika mbele ya macho yangu. "Angalia. Biki ilikuwa ndani. Mi natosha biki. Ku mashimo, mvula ikianza, banapigaka makelele vile: tosha batu. Papa yangu iko anachimba. Nasikiaka."

Nikakimbilia mlangoni. Komeo lilikuwa limevimba kwa maji na nilipolivuta halikutoka. Nikalivuta tena kwa mikono yote miwili, nikiwaza mama zao, nikimwaza mama yangu, mpaka likaachia.

"Mujinga, tangulia," nikasema. "Shikaneni mikono. Kanisani, msisimame."

Sauti ilitoka kubwa, sikuijua. Nao wakatoka, wawili wawili, tope likiwafika vifundoni. Mimi nilitoka wa mwisho. Tulikuwa hatujafika kwenye ngazi za kanisa nilipousikia ukuta. Haukulia kama radi. Ulilia kama gunia la unga lililotupwa kutoka kwenye lori. Nikageuka, nikaona mabati yamelalia benchi la wale wavulana.

Ndani ya kanisa Mama Ngoie alikuwa na wadogo. Aliwahesabu wangu kwa kuwagusa vichwa, akarudia tena tangu mwanzo, na mimi nikihesabu naye. Wote walikuwepo. Akanigeukia.

"Mi nilikuambia, ukajibu banatosha. Nikasema, bon, bameisha kuanza kutosha batoto. Nikaenda ku badogo. Juu ya nini ulifunga mulango?"

"Kwetu, mama, kutosha ni kutopungua. Nilidhani unauliza kama wamekuja wengi."

Aliketi, akavua kiatu, akamwaga maji.

"Ehe. Basi njo maana. Kila siku nakupatia bukari, unasema inatosha, inatosha. Mi najiuliza, bukari yangu inamutosha nini huyu mutoto mu tumbo?"

Nilicheka, halafu nikalia, na Mujinga akanishikia kalamu yangu mpaka nikamaliza.

Alasiri tulirudi Dilala kwa miguu kwa sababu pikipiki hazikupita. Njia nzima nilitazama kuta za watu. Tulipofika, Mama Ngoie alisonga bukari, ugali wao, na sombe, kisamvu chetu. Sahani ilipojaa niliikinga kwa mkono, sikujua niseme nini ili aache kupakua.

"Sema: inaenea," akanifundisha.

Kwetu kinachoenea ni maji, au habari. Nikasema inaenea. Akaweka mwiko chini.

Alhamisi asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Nilitangulia shuleni kabla ya kengele. Mujinga alikuwa amefika, na tulisaidiana kuutosha ubao kwenye tope, ndivyo alivyosema na ndivyo ninavyosema sasa. Maandishi yangu makubwa yalikuwa bado yanasomeka upande mmoja. Niliyafuta kwa sketi. Tukaubeba hadi kanisani, tukauegemeza kwenye benchi la kwaya.

Watoto walipoingia nilisimama mlangoni, mlango ukiwa wazi. Woga ulikuwa uleule, msidhani umekwisha.

"Munaenea?" nikauliza.

Wakacheka. Nilisubiri wamalize, sikuangalia chini.

"Tunaenea, madamu."

Hata hivyo nikachukua orodha niite majina. La Mujinga liko katikati, lakini nililiita la kwanza.